Hesabu Silinda Kabla ya Kushika Waya

Ndugu zangu mafundi wa Kampala, naona mnacheka hata sijafungua mdomo. Ndiyo, naanza na Subaru tena. Nitaacha kuisema siku mtakapoacha kuiharibu.

Toyota ya silinda nne zilizopangwa mstari huchoma 1-3-4-2, yaani silinda hupokea cheche kwa zamu hiyo. Hiyo mnaijua hata usingizini, na ndiyo inayowaponza. Subaru inaingia gereji, fundi anachomoa waya zote za plagi bila kuweka alama, kisha anazirudisha kwa mazoea: moja na nne pamoja kwenye koili, mbili na tatu pamoja. Injini inatetemeka, inalipuka kwenye njia ya hewa, na mwenye gari anatumwa soko la vipuri la Kisekka kununua koili, kile kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche. Koili imekosa nini, ssebo?

Subaru yenye injini ya EJ huchoma 1-3-2-4. Silinda zimelala, mbili huku, mbili kule. Kulia ni 1 na 3, kushoto ni 2 na 4, na namba ndogo ndiyo iliyo mbele. Kulia kwa nani? Kwa aliyekaa kwenye kiti cha dereva! Si kwako wewe uliyeinama mbele ya boneti. Jozi zake, zile zinazopata cheche pamoja, ni 1 na 2, 3 na 4. Na namba mara nyingi zimechongwa kwenye plastiki ya koili, kando ya kila mdomo wa waya. Huzioni kwa sababu zimefunikwa na vumbi na oili. Chukua kitambaa, futa. Hakuna anayekulipisha kwa kufuta.

Sasa kuna mmoja ataniambia, kama kawaida: "Mzee, kwenye Toyota yenye koili mbili za waya nilibadilishana moja na nne, gari likawaka vilevile. Mpangilio si lazima."

Liliwaka, sikatai. Pistoni ya kwanza na ya nne hupanda pamoja. Moja inabana mchanganyiko wa hewa na petroli, nyingine inamalizia kutoa moshi. Koili inatupa cheche kwa zote mbili mara moja. Ile ya kwenye moshi inapotea bure, haichomi kitu. Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ikizunguka mara moja, zinabadilishana zamu. Kwa hiyo ulibadilishana ndani ya jozi, ukaokoka. Chukua waya ya moja uipe nafasi ya tatu uone: cheche inakosea kwa nusu mzunguko wa krenki, pistoni iko chini, petroli mbichi inatoka na kwenda kuwaka kwenye egzosti. Katalisti, kichujio cha moshi, inakufa hivyo, halafu tunasema mafuta ya Uganda ni mabaya.

Tena kuokoka huko usikutegemee kwenye injini za Toyota za 1NZ, au 1ZZ nyingi, ambako kila plagi ina koili yake juu. Pale kompyuta inatuma amri kwa silinda moja moja. Ukibadilishana soketi za moja na nne, kila cheche inafika mzunguko mzima baadaye, kwenye moshi, na silinda mbili zinalala. Kuhamisha koili yenyewe ni jambo jingine, hilo ni zuri: ikiwa kompyuta inaonyesha kosa la P0301, yaani silinda ya kwanza inamisi, haichomi vizuri, peleka koili ya kwanza kwenye ya pili, soketi ziache zilipo. Kosa likigeuka P0302, la silinda ya pili, koili imekufa. Lisipohama, angalia plagi, waya au injekta kabla ya kumtuma mtu sokoni.

V6, injini ya silinda sita, tatu kila upande, nilitaka kuieleza vizuri, lakini naona mwenyekiti anaonyesha saa. Kwa haraka: 1MZ ya Toyota huchoma 1-2-3-4-5-6, na hapo namba za upande mmoja ni witiri, upande wa pili shufwa. Msiichukulie kuwa ndiyo V6 zote! Nissan, Mitsubishi, fungua kitabu cha gari lenyewe.

Kuna Subaru hapo nje inayomisi. Mwenye nayo afungue boneti, na asiguse waya yoyote mpaka nifike.