Tumbo Lenye Kidaraja

Nimeulizwa tena kuhusu mabawa ya ndege za majini: kwa nini yaliwekwa juu? Jamani, mabawa tutayafikia. Naanza na tumbo, kwa sababu ndege za Short Empire za Waingereza, zilizopaa na kutua majini na kuanza kuruka mwaka 1936, siri yake ilikuwa tumboni.

Mkifika nyumbani fungueni bomba la maji. Shikeni kijiko kwa ncha ya mpini, kining'inie, kisha sogezeni mgongo wake uguse maji yanayotiririka. Mtadhani yatakisukuma. Wapi! Yanakivuta, na mtakisikia vidoleni kikikataa kutoka. Basi tumbo lililopinda kuelekea mkiani ni mgongo wa kijiko hicho. Rubani anafungulia injini zote nne, ndege inakimbia, inataka kuinuka, maji yanaing'ang'ania kwa nyuma.

Dawa yake ni kidaraja, yaani mkato kama ngazi moja, unaopita chini ya tumbo toka ubavu hadi ubavu. Maji yakifika ukingoni yanaachana na bati, hewa inapenya nyuma yake, na ule mvuto unakatika. Ndege inateleza kwa sehemu ndogo ya mbele tu, halafu inaachia. Arthur Gouge, mbunifu wa ndege hizi, na wenzake kule Rochester, Uingereza, walivuta mifano yake midogo katika birika refu la maji kabla ya kukata bati.

Najua kuna atakayesema: si wangetua uwanjani tu? Uwanja upi? Mvua ikinyesha udongo ni tope, na hii ni ndege ya tani 18! Ziwa na bandari zilikuwapo tayari: Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, hadi Durban.

Lakini bati ni jembamba. Machi 1939, mojawapo ya ndege hizi, jina lake Corsair, iliondoka Port Bell, ikapotea njia, ikatua mto Dungu karibu na Faradje, Kongo, ikapasuliwa na jiwe. Mafundi wakaiziba. Ilipojaribu kuruka, ikagonga jiwe jingine. Ikabidi mto uzibwe kwa bwawa ili maji yapande, na Januari 1940 ndege ikainuka. Miezi kumi, kwa ajili ya tumbo!

Mabawa, haraka maana muda umekwisha: yalipandishwa juu ili pangaboi zisipigwe na maji, na chini yake, huku na huku, yaliwekwa maboya mawili, kazi yake ni ile ya matengo ya ngalawa.