Rafiki wa Stelingi Asiyekufa

[Muziki wa kufungulia unapungua. Bodaboda inapita.]

ZAITUNI: Tuko hewani? Haya. Wasikilizaji wetu, hamjambo. Tunarekodi hapa Mwanga, Kigoma. Umeme umekatika tangu saa nane, kwa hiyo mkisikia ngurumo si radi, ni jenereta ya jirani. Mimi ni Zaituni.

ELIYA: Na mimi Eliya, mdogo wake wa hiari.

ZAITUNI: Wa hiari kweli, maana hatuchangii hata shangazi. Leo zamu yako, umeniambia una mtu.

ELIYA: Nina mtu. Ila nianze na sheria ya kibanda umiza, dada Zai. Wewe hukuwa unaingia.

ZAITUNI: Nilikuwa nachungulia dirishani, bure.

ELIYA: Basi sheria unaijua. Stelingi hafi. Anayekufa ni rafiki wa stelingi. Akishatoa tu picha ya mchumba mfukoni, akasema tukirudi namuoa, sisi kule nyuma tunapiga kelele: huyo keshaondoka!

ZAITUNI: Na DJ anayetafsiri anaanza kumsomea dua hata risasi haijatoka.

ELIYA: Sasa kuna mzee mmoja, maisha yake yote kazi yake ni urafiki wa stelingi. Na katika zile filamu zilizompa jina, hafi. John Rhys-Davies. Jina hilo ukilitaja kijiweni watakutazama tu. Lakini sema yule mnene mwenye ndevu na tarbushi, anayemsaidia Indiana Jones kule Misri, wote watasema Sallah. Halafu sema yule kibeti mwenye shoka wa The Lord of the Rings, watasema Gimli. Hawajui kuwa ni mtu huyohuyo.

ZAITUNI: Mimi nimejua jana uliponitumia ujumbe, na bado sijakubali. Zile filamu tatu za pete nimeziangalia mara nne.

ELIYA: Na ana urefu wa futi sita na kitu. Mita 1.85.

ZAITUNI: Kibeti ana mita 1.85!

ELIYA: Ni mrefu kuliko wengi wa wale waigizaji wanaocheza wasafiri tisa wa hadithi hiyo. Na hapo kuna hesabu nzuri. Wale vijana wanne wanaocheza hobiti, wale watu wadogo wa hadithi, ni wafupi kiasi, na kwenye hadithi kibeti anamzidi hobiti kidogo. Kwa hiyo mkimsimamisha yeye na hobiti pamoja, uwiano uko sawasawa bila ujanja wowote. Kamera inawachukua kwa pamoja, halafu wale warefu wanachukuliwa kivyao. Ikitakiwa picha ya mbali, anasimama mtu mwingine mfupi, Brett Beattie, amevaa zile nguo na zile ndevu.

ZAITUNI: Kwa hiyo yule anayekimbia mlimani...

ELIYA: Mara nyingi si yeye. Yeye yuko kwenye kiti cha mekapu, anabandikwa sura. Ngozi ya bandia kila asubuhi, saa kadhaa. Ikamdhuru. Macho yakamvimba, ngozi ya pembeni mwa macho ikawa inabanduka, ikabidi apumzishwe mara kwa mara. Ule upigaji picha wa New Zealand ulianza Oktoba 1999 ukaenda hadi Desemba 2000. Hebu jipake gundi usoni miezi hiyo yote.

ZAITUNI: Mimi kope za kubandika za harusi moja tu zilinitoa machozi siku tatu.

ELIYA: Halafu wale waigizaji tisa wakakubaliana wachore tatuu, kila mtu namba tisa kwa maandishi ya Kielfu, ile lugha ya viumbe wa hadithi yao. Wanane wakachora. Yeye akamtuma Beattie akachore badala yake.

ZAITUNI: [anacheka] Huyo ni mzee wa Kiswahili kabisa. Penye maumivu peleka mwakilishi.

ELIYA: Na amekatika ncha ya kidole, cha kati, mkono wa kushoto. Ajali ya shamba ya zamani. Kwenye zile filamu wakawa wanambandika kidole cha bandia. Siku moja akakichana, akakijaza damu ya uongo, akamwendea mwongozaji Peter Jackson akamwambia, bosi, nimepata ajali.

ZAITUNI: Ningemfukuza kazi palepale. Lakini Eli, hujasema kwa nini tumzungumze huyu na si mwingine. Wasaidizi wako wengi.

ELIYA: Kwa sababu huyu ni mtoto wa Tanganyika.

ZAITUNI: Hapo sasa.

ELIYA: Alizaliwa Mei 1944, Salisbury, Uingereza, kwa wazazi wa Wales. Baba yake alikuwa injinia, kisha polisi wa serikali ya kikoloni, mama muuguzi. Utoto wake umepita hapa kwetu. Wamekaa Kongwa, wamekaa Moshi, wamekaa Mwanza.

ZAITUNI: Kongwa ile ya karanga?

ELIYA: Ileile. Waingereza walianza mradi wao mwaka 1947, matrekta mengi, ardhi ngumu kama sakafu, mvua hakuna, wakaufunga 1951. Sisemi baba yake alilima karanga, hapana. Nasema mtoto amekulia sehemu hiyo, akiona nchi kavu na watu wanaoijua na wageni wasioijua. Baadaye akapelekwa shule ya bweni Cornwall, akasoma Chuo Kikuu cha East Anglia kikiwa kipya kabisa, kisha chuo cha uigizaji cha RADA, London. Jukwaa miaka na miaka. Shakespeare nyingi.

ZAITUNI: Kwa hiyo hakuokotwa barabarani.

ELIYA: Hata! Mwaka 1976 yuko kwenye tamthilia ya runinga ya Waroma, I, Claudius, anacheza Macro, mkuu wa walinzi. 1980 ni Shōgun, baharia Mreno aitwaye Rodrigues, akateuliwa kugombea Emmy, tuzo ya runinga ya Marekani. Ndipo Steven Spielberg, mwongozaji wa Indiana Jones, anatafuta mtu wa kuwa Sallah. Kwanza alimfikiria mwigizaji Danny DeVito, yule mfupi, haikuwezekana. Akamchukua huyu, akamwambia changanya yule baharia wako Mreno na Falstaff, yule mnene mcheshi wa Shakespeare.

ZAITUNI: Yaani wametafuta Mmisri mfupi, wakapata Mwales mrefu.

ELIYA: Ndiyo biashara yenyewe. Angalia makabila yake: Mroma, Mreno, Mmisri. 1987 kwenye The Living Daylights, ya James Bond, ni jenerali wa Kirusi, Pushkin. Halafu kibeti. Na ule mti mkubwa unaozungumza, Treebeard, sauti ni yake pia.

ZAITUNI: Kila kabila isipokuwa Mwales. Hapo ndipo mimi napata shida, mdogo wangu, na sitaki tupite haraka. Sallah nampenda. Lakini mtazame kazi yake. Yeye ndiye anayewajua wachimbaji. Anajua njia, anajua bei, anajua nani anatega sumu kwenye tende. Bila yeye yule mwenye kofia na mjeledi angefia sokoni siku ya kwanza. Huyo ni mwenyeji. Na mwenyeji akachezwa na mgeni, tena ile Kairo yenyewe waliipiga picha Kairouan, Tunisia.

ELIYA: Kwenye joto lililowalaza nusu ya kikosi kwa tumbo. Na yeye mwenyewe likampata.

ZAITUNI: Pole yake. Ila kazi ya mwenyeji sisi watu wa Ujiji tunaijua. Umewahi kumsikia Sidi Mubarak Bombay?

ELIYA: Shuleni alipita sentensi moja.

ZAITUNI: Sentensi moja! Bombay alikamatwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa pwani, akavushwa hadi India, akakaa miaka huko, ndiyo maana ya jina. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Zanzibar akawa askari wa Sultani. Mwaka 1857 Burton na Speke, wale wapelelezi Waingereza, wanamchukua. Februari 1858 wanafika Ujiji. Speke hajui Kiswahili, kwa hiyo yeye na Bombay wanaongea Kihindi, huku Tabora, huku ziwani, fikiria! Kisha Bombay huyohuyo anakwenda na Speke na Grant hadi Mto Nile. Kisha 1871 anakuja na Stanley kumtafuta Livingstone. Kisha na Cameron, mpelelezi mwingine Mwingereza, wanakata bara zima hadi Bahari ya Atlantiki.

ELIYA: Hiyo ni filamu nne!

ZAITUNI: Na stelingi anabadilika kila filamu. Burton, Speke, Stanley, Cameron. Rafiki wa stelingi ni mmoja.

ELIYA: [kimya kidogo] Hiyo umenipiga.

ZAITUNI: Unapokwenda pale Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone, kwenye miembe, sanamu ziko mbili, Wazungu wawili wanavuliana kofia. Bombay alikuwepo siku hiyo. Susi, mtumishi wa Livingstone, alikuwepo, ndiye aliyekimbia mbele kumsalimia Stanley. Susi na mwenzake Chuma ndio waliobeba maiti ya Livingstone kutoka kule Chitambo, Zambia ya sasa, wakapita Tabora, wakaifikisha Bagamoyo Februari 1874. Miezi tisa njiani. Na siku anazikwa London wao hawakuwepo. Walifika Uingereza baadaye.

ELIYA: Filamu ya Bombay ipo lakini.

ZAITUNI: Ipo filamu ya Burton na Speke. Mountains of the Moon, 1990. Bombay yumo, na hapo angalau alicheza Mwafrika, Mkenya Paul Onsongo. Nimeiangalia juzi kwa ajili ya kipindi hiki. Kila Onsongo akitokea nasema haya sasa, tumfuate huyu, na kamera inarudi kwa wale wawili wanaogombania chanzo cha Nile.

ELIYA: Hapo nimtetee Rhys-Davies kidogo, dada. Kosa la nani acheze nani si lake peke yake. Yeye kapewa mtu wa maneno machache akamtengenezea tumbo, kicheko, watoto wengi nyumbani, nyimbo. Sallah anaimba muda wote. Kwenye karatasi yule ni mtu wa kuonyesha njia tu. Ukitoka ukumbini unamkumbuka kuliko mchumba wa stelingi.

ZAITUNI: Hilo nakubali.

ELIYA: Na alijua thamani yake. Ile Indiana Jones ya pili, ya 1984, hayumo. Ya 1989 yumo, na mule wamempa vichekesho zaidi kuliko mwanzo, mimi naona walizidisha. Ile ya 2008 walitaka aonekane kidogo tu mwishoni, kwenye harusi, akakataa.

ZAITUNI: Kukataa harusi!

ELIYA: Mtu wa pembeni ana silaha moja tu, kusema hapana. Mimi sikuwa nayo. Nikusimulie ya Kibirizi?

ZAITUNI: Wasikilizaji, kaeni vizuri. Hii nimeisikia mara sita.

ELIYA: Walikuja watu wa filamu, sitawataja. Nikachukuliwa kuwa mvuvi. Saa kumi na moja alfajiri niko mwaloni, na nyavu, na shati la kuazima lenye harufu ya dagaa wa wiki iliyopita. Stelingi anashuka kwenye boti, ananiuliza, mzee, njia ya Ujiji wapi? Mimi nina miaka ishirini na mbili, naitwa mzee. Nasema, fuata barabara, lakini jihadhari na watu wa huko. Basi. Maneno manane. Niliyasema mara kumi na nne, jua limetoka, limepanda, wakanunua mgebuka wa kuchoma wakala wao. Filamu imetoka, nimekusanya ukoo mzima, mama kanunua soda. Stelingi anashuka kwenye boti, anauliza njia, na kamera inatazama ziwa. Sauti yangu ipo! Mimi simo.

ZAITUNI: Mama alisema nini?

ELIYA: Alisema, ziwa limetoka vizuri.

[Vicheko. Jenereta inakohoa, inaendelea.]

ZAITUNI: Mafuta yanaisha kule. Maliza ya mzee wako.

ELIYA: Haya. 2023, ile ya tano, Indiana Jones and the Dial of Destiny. Miaka arobaini na miwili tangu ya kwanza. Rhys-Davies anakaribia themanini. Sallah amehamia New York, anaendesha teksi, wajukuu wapo. Anampeleka Indiana uwanja wa ndege, na kumbe amebeba pasipoti yake. Anataka kwenda naye. Anasema analikumbuka jangwa, anaikumbuka bahari.

ZAITUNI: Na stelingi anasema nini?

ELIYA: Anamwambia hii si safari ya zamani. Anaingia ndani, anamwacha. Yule mzee anabaki nje kwenye magari, anamuaga kwa sauti kubwa, anacheka. Nilikuwa naangalia na mama. Akaniuliza, huyo mnene hafi? Nikamwambia hafi, mama, anabaki tu. Akasema, basi wangempandisha.

ZAITUNI: Na mimi naona wangempandisha.

[Jenereta inazimika.]

ELIYA: Zai? Bado inarekodi?

ZAITUNI: Simu ina asilimia nne. Wiki ijayo tunakwenda Ujiji kurekodi kwenye miembe, njoo na shati lako mwenyewe. Kwaherini.