Madirisha Yawe Wazi: Mtaa Unapata Nini kwa Klabu ya Muziki

Asalaam alaykum. Mwenyekiti, wazee wangu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma, sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nieleze mtaa unapata faida gani kwa kuwa na nyumba ya sanaa, kama hizi klabu zetu za taarab hapa Unguja. Baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, si mara moja wala mbili. Nitalisema tena, kwa sababu tangu niliposema mara ya mwisho sijaona dirisha hata moja lililofunguliwa. Kwa nini nasema dirisha, mtajua baadaye kidogo.

Historia sitairudia. Klabu ya Ikhwan Safaa ni ya 1905, Culture Musical Club ni ya 1958, na chuo chetu cha muziki, DCMA, kilifungua milango 2002 katika jengo la Forodha ya zamani pale Mizingani. Hayo mnayajua. Kinachonikera ni namna tunavyojibu tukiulizwa klabu inafaa nini. Tunakimbilia onyesho. Tunasema tamasha lilijaa, wageni walipiga makofi, kikundi kimealikwa Ulaya. Haya, vizuri. Lakini onyesho ni saa mbili, tena la mwenye tiketi. Mazoezi ni kila siku, na hayana tiketi. Mtaa unaishi na mazoezi. Muulize mtu yeyote aliyekulia jirani na klabu: onyesho hakumbuki hata moja, lakini nyimbo anazijua zote, pamoja na pale mpiga fidla alipokuwa akikosea.

Nitawapa kisa kimoja, nacho ndicho kitakachokula muda wangu.

Klabu yetu ilikuwa chumba cha chini, madirisha mawili ya nondo yanayotazama kichochoroni. Chini ya dirisha moja palikuwa na kibaraza, na hapo bibi mmoja alikuwa akikaanga badia tangu alasiri mpaka isha. Hakuwa mwanachama. Hakuwahi kuingia ndani. Miaka tumesalimiana tu, shikamoo Bibi, marahaba mwanangu, badia za mia mbili, basi.

Mwaka huo tulikuwa tunafufua wimbo wa mmoja wa wazee wetu wa klabu aliyekwishatangulia mbele ya haki. Maneno tuliyapata kwenye daftari, na daftari lenyewe lilinakiliwa kutoka daftari jingine. Mwanamke anamwimbia mumewe aliye safarini, na kituo chake, mstari wa kufungia ubeti, kilikuwa hivi: nangoja hadi amani. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto mstari huo. Wiki tatu tunauimba. Hesabuni mizani: na-ngo-ja-ha-di-a-ma-ni, nane kamili. Vina vimekaa. Maana ipo. Nani angeshuku?

Wiki ya nne, katikati ya mazoezi, nikasikia nondo za dirisha zinagongwa kwa kijiko cha kukaangia. "Maalim! Mnanichosha na hiyo amani yenu. Si amani hiyo. Ni demani!"

Nikatoka nje. Akaniambia, huku anageuza badia zake, kwamba babake alikuwa mtu wa chombo, akienda Mafia. Upepo wa kusi ukikaza, chombo hakitoki. Mke yuko huku anahesabu siku. Demani ikiingia, bahari imelala, upepo bado watoka kusini lakini mwepesi, ndipo vyombo vya Mafia vinapanda kuja Unguja. "Huyo mwanamke wa wimbo," akasema, "hangoji amani. Amani ya nini? Anangoja mwezi wa nane."

Nangoja hadi demani. Mizani nane vile vile. Kosa liliingia mahali pa neno la kweli likakaa kama limezaliwa hapo, na wimbo wa mwanamke anayejua upepo ukawa wimbo wa mtu anayetamani utulivu tu, kama nyimbo nyingine elfu. Lau Bibi asingekuwa chini ya dirisha lile, watoto wale, ambao leo ni watu wazima, wangekuwa wanawafundisha wenzao amani.

Na haikuishia hapo. Watoto wakamzunguka: Bibi, demani ni nini? Na kaskazi? Na matlai? Mmoja alikuwa mtoto wa mvuvi. Siku ya pili akamleta babake, mtu aliyekuwa akipita mbele ya mlango wetu kila siku bila kugeuza shingo. Akakaa kibarazani akawaeleza watoto upepo gani unamtoa pwani alfajiri na upi unamrudisha. Mpiga nai wetu, ile filimbi ya mwanzi, kijana wa miaka kumi na nne, akasema sasa nimejua kwa nini wimbo huu unaanza polepole. Mimi nilikuwa nimemwambia polepole mara ishirini. Hakunisikia mpaka aliposikia habari za bahari.

Basi nikiulizwa klabu inaupa mtaa nini, hili ndilo jibu langu, na sina jingine kubwa kuliko hili: inaupa mtaa mahali pa kukosoa. Muuza badia ana neno la kumwambia maalim, na maalim anatoka nje kulisikiliza. Mtaani petu ni wapi tena mambo yako hivyo? Skuli mzazi anaitwa mtoto akifanya kosa. Ofisini unapanga foleni. Kwenye onyesho umelipa, na ukilipa unapiga makofi. Mazoezini unaruhusiwa kugonga nondo.

Sasa nije kwenye dirisha. Miaka kadhaa baadaye watu wema, sitawataja, walitupa ukumbi mzuri. Ghorofa ya juu, viti vya sponji, kiyoyozi. Sharti lilikuwa moja: madirisha yafungwe, kwa ajili ya kiyoyozi, na ili tusiwasumbue waliopanga chini. Tulishukuru. Nami nilishukuru, nasema kweli. Tukakaa humo mwaka mmoja na nusu, na katika muda wote huo hakuna mtu hata mmoja aliyetukosoa. Tulidhani tumekuwa mabingwa.

Tukaalikwa harusini. Tukaimba wimbo tulioufanyia mazoezi miezi minne nyuma ya vioo. Katika ubeti wa tatu mama wa bibi harusi akanyanyuka, akakusanya kanga yake, akatoka. Neno moja lilikuwa limekosewa, na nyinyi mnajua taarab: neno moja likigeuka, sifa inakuwa kijembe. Neno lenyewe silirudii hapa, familia ile ipo na tulikwenda kuomba radhi. Lakini mwanamke yeyote wa mtaani mwenye miaka hamsini angelisikia kosa lile siku ya kwanza, kama sauti ingemfikia.

Najua mtakayosema. Mtasema kelele. Kuna wagonjwa, kuna watoto wa mitihani, kuna adhana. Adhana ikiingia tunaweka vyombo chini, na Ramadhani tunafunga klabu. Hilo halijawahi kuwa na ugomvi, na anayelileta analileta kutoka nje ya mtaa. Mgonjwa akiwepo, watu wake wanakuja kutuambia na tunanyamaza. Huko kuja kutuambia ndiko ninakokupigania! Mtu anayegonga mlango kusema leo mzee hajalala ameshakuwa jirani wa klabu.

Mtasema watoto siku hizi wanajifunza kwenye simu. Kanuni, ala hii ya muziki hapa mezani, ina nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti. Ukitaka kuipatanisha kwa programu ya simu, utaona programu nyingi zinajua sauti kumi na mbili za piano basi. Katika makamu za muziki wa Kiarabu, Rast ina sauti inayokaa katikati ya sauti mbili za piano, Bayati nayo ina yake, na simu itakwambia umekosea wakati umepatia. Atakayekwambia umepatia ni mzee aliyeisikia sauti hiyo miaka sitini. Na mzee huyo, tuseme kweli, asipohitajiwa na mtoto wa kanuni, nani mwingine anamhitaji saa kumi na moja jioni?

Na mtasema nyumba hizi ni za wafadhili, wakiondoka zinakufa. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwaka 2019 DCMA ilitangaza hadharani kwamba fedha zimekwisha na huenda ikafunga. Wanafunzi wengi hawakuweza kulipa ada, ndogo kama ilivyokuwa. Niliumia, kama mlivyoumia. Lakini msichukue fundisho lisilo lake. Ikhwan Safaa haikuanzishwa na mfadhili. Na msidhani ni Unguja peke yake. Kenya, huko Limuru, kijiji cha Kamirithu, wakulima na wafanyakazi wa viwandani na wa mashamba ya chai walijenga wenyewe jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Mwaka 1977 walifanya mazoezi ya mchezo wao wa kuigiza, wa lugha ya Kikuyu, hadharani, kila mwenye kupita akitazama. Walioandika walikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, watu wa vitabu, lakini wanakijiji waliwakosoa: mzee hazungumzi hivi, wimbo huu hauimbwi hivyo. Na wenye vitabu wakafuta, wakaandika upya. Mchezo ulipigwa marufuku mwaka ule ule, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi, na Machi 1982 askari wakalibomoa jukwaa lenyewe. Serikali haikubomoa ukumbi wa kupigia makofi. Ilibomoa mahali ambapo mkulima alikwishazoea kusema hapa mmekosea.

Nimetoka njiani kidogo, lakini si sana. Mwimbaji wetu wa taarab, Siti binti Saad, naye, kabla na baada ya santuri za Bombay za 1928, alikuwa na mazoezi nyumbani kwake Ng'ambo, na majirani wakija kusikiliza. Nyimbo zile zilibeba kesi za mahakamani na dhuluma za wakubwa kwa sababu zilitungwa mahali ambapo waliodhulumiwa wamekaa hatua mbili kutoka kwa mpiga udi. Kijana anayesoma muziki leo anaambiwa Siti alirekodi. Haambiwi kwamba mlango wake ulikuwa wazi.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo manne mengine, nitayapitia mbio.

La wanawake. Vikundi kama Sahib el-Ari na Nuru l-Uyuni havikuwa vya kuimba tu. Mwenzao akiolewa wapo, akifiwa wapo, kila mmoja na mchango wake. Hili peke yake lingetosha mhadhara mzima, na natumai Bi mmoja wa hawa waliokaa mbele atalichukua, maana analijua kuliko mimi.

La vijana na unga, dawa za kulevya. Watu hupenda kusema sanaa inawaokoa vijana. Mimi siahidi hivyo. Nimezika wanafunzi wangu wawili. Ninachoweza kusema ni kwamba wote wawili, walipoacha kuja mazoezini, tulijua siku ile ile, tukaenda kwao. Kwingineko hakuna aliyejua mpaka ilipokuwa mwisho.

La ajira, wapo wanaoishi kwa muziki hotelini, wengi wanaishi kwa kazi nyingine, na hakuna aibu. Fundi seremala anayepiga besi ni faida kwa mtaa mara mbili.

La majengo nalo ni zito. Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba kongwe la Mji Mkongwe, iliporomoka Disemba 2020 ikaua watu, na kila mmoja wetu anayefundisha katika nyumba kongwe anaangalia dari kwanza kabla ya kuangalia wanafunzi. Nyumba zitengenezwe, sipingi, naomba zitengenezwe haraka. Ombi langu kwa wanaochora ramani, na nimeliandika, mwenyekiti, nitakuachia karatasi: chumba cha mazoezi kiwe cha chini, si ghorofani. Madirisha yabaki na nondo zake, yatazame kichochoro, yafunguke. Na kile kibaraza chini ya dirisha kisivunjwe kupisha maegesho ya magari, kama mlivyofanya mahali pamoja ambapo napajua na nyinyi mnapajua.

Bibi wa badia alifariki. Kibarazani anakaa mjukuu wake, anauza chipsi. Wiki mbili zilizopita aliniita akaniuliza kwa nini tumeongeza mwendo wa wimbo wa demani, mbona bibi yake alikuwa akiuimba taratibu. Nimemwambia nitalileta suala lake kwa wenzangu.

Maswali nitayapokea pale nje, kwa sababu kijana aliyeileta kanuni hii anaidai. Mazoezi yanaanza baada ya isha, na kuipatanisha peke yake ni nusu saa.