Kumpekua Mkuu wa Wakaguzi
*Mhadhara kwa wanafunzi wa uhasibu na viongozi wa vyama vya ushirika, Mbeya*

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Wanafunzi, hamjambo? Ndaga kwa kunikaribisha. Baridi yenu nitailalamikia siku nyingine.

Naona wapo hapa wenyeviti wa AMCOS, vyama vya ushirika vya mazao, za kahawa kutoka Mbozi na wakulima wa viazi wa Uyole. Kwenu ninyi, neno lumbesa halihitaji maelezo. Wakala wa Vipimo huhakiki mizani, lakini gunia likijazwa hadi likavalishwa kilemba, mizani haina kosa. Mwenye kosa ni aliyejaza. Kampuni ya ukaguzi ni hivyo hivyo: viwango vipo, makabrasha yamepangwa, halafu mkuu wake anapiga simu moja jioni, hoja nzito inafutwa kwenye ripoti. Ndiyo maana wadhibiti humpekua mtu, si makaratasi peke yake.

Hatua ya kwanza ni nyepesi, nitaipita haraka. Hapa kwetu huwezi kusaini hesabu zilizokaguliwa kama hujasajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Marekani wana PCAOB, chombo cha kusimamia wakaguzi wa kampuni za umma, kilichozaliwa na sheria ya Sarbanes-Oxley ya 2002 baada ya Enron, kampuni kubwa ya nishati, kuanguka kwa udanganyifu wa hesabu. Fomu yake ya usajili huuliza kesi za jinai, za madai na za kinidhamu zinazoihusu kampuni na watu wake. Uholanzi wamekwenda mbali zaidi. Mdhibiti wao, AFM, huwapima viongozi wenyewe: rekodi ya jinai, mambo ya fedha, kodi, adhabu kutoka kwa wadhibiti wengine. Naam, hata kodi. Anayekwepa yake atakaguaje ya mwenzake?

Sasa nifike ninapotaka kukaa. Fomu ile haitafuti kosa tu. Inampima mtu anavyojibu. Mdhibiti ana njia nyingine za kupata ukweli: mahakama, polisi, mamlaka ya kodi, wadhibiti wenzake. Kosa la zamani ulilolitaja mwenyewe litapimwa kwa uzito wake, kwa miaka iliyopita, na kwa jinsi ulivyojirekebisha. Ulilolificha linageuka kosa jipya la leo, tena umelitenda mbele ya mdhibiti. Mtu akimdanganya anayemsimamia, atamwambia nini mwanahisa ambaye hamjui hata kwa sura?

Juni 2022, kampuni ya ukaguzi ya EY ya Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 100 na SEC, wasimamizi wa masoko ya mitaji wa huko. Wafanyakazi wake waliibia mitihani, ukiwemo mtihani wa maadili. (*Kicheko ukumbini.*) Cheka, lakini sikiliza. SEC walipouliza, kampuni ilijibu kwa namna ya kuonyesha kwamba hakuna tatizo, ilhali malalamiko yalishafika ndani. Haikurudi kusahihisha. Aprili 2024 ikawa zamu ya kampuni nyingine ya ukaguzi, KPMG ya Uholanzi: faini ya dola milioni 25 kutoka PCAOB kwa wizi wa mitihani uliohusisha mamia ya watu na kwa maelezo ya uongo kwa wachunguzi. Aliyekuwa mkuu wa idara ya ukaguzi alitozwa dola 150,000 na kufungiwa kabisa.

Cheti cha polisi kisingemgundua mtu wa namna hiyo. Alama zake za vidole ni safi kabisa. Kwa hiyo upekuzi wa siku ya kuteuliwa hautoshi, na kiwango cha kimataifa cha ubora wa kazi za kampuni za ukaguzi, ISQM 1, kilichoanza kutumika tarehe 15 Desemba 2022, kinampa mkuu wa kampuni jukumu la mwisho la mfumo wa ubora na kutaka mfumo huo utathminiwe angalau mara moja kwa mwaka. Hapo hawezi tena kusema "vijana ndio waliofanya".

Ningekuwa mdhibiti, ningeanza na hao vijana. Ningewauliza waliomaliza mwaka wa pili kazini: nani alikataa kufumbia macho jambo, na yuko wapi sasa? Kama aliyekataa ameondoka na aliyefumba macho amepanda cheo, mengine ya kuuliza ni machache.

*Swali kutoka kwa mweka hazina wa SACCOS ya Iringa: mkaguzi wetu yuko peke yake ofisini, nani atampekua?*

Asante, mama. Kuwa peke yake hakumwondoi kwenye viwango. Jukumu lote ni lake. Hakikisheni kwanza kwamba jina lake lipo kwenye orodha ya NBAA. Kisha mwandikieni barua: umewahi kupewa adhabu ya kinidhamu? Ni mteja gani mmeachana karibuni, na kwa nini? Una ndugu kwenye bodi yetu? Ajibu kwa maandishi na sahihi yake, halafu mpigieni simu huyo mteja waliyeachana. Akikasirika kuulizwa, tafuteni mwingine. Na barua yake ikae kwenye faili la mkutano mkuu, wanachama waisome.