Namna ya kuunganisha redio za polisi na zimamoto wa maeneo jirani, hatua kwa hatua

Habari zenu, karibuni. Leo tunashika redio za upepo, zile ambazo wengi wetu tunaziita redio kol, na kazi ni moja tu: polisi wa upande huu wa mpaka na zimamoto wa upande wa pili wasikilizane siku ya tukio. Mfano wetu ni Marekani. Kule polisi ni wa kila mji na kila kaunti, kila kikosi kinajinunulia redio zake, kwa hiyo tatizo hili wamelionja kuliko wengi, na suluhisho lao limeandikwa wazi, hadi namba za masafa.

Ngoja nitoe angalizo mapema. Namba nitakazoonyesha ni za Marekani. Ukiwa Arusha au Mombasa usiziingize kwenye redio yako. Kwetu masafa hugawiwa na TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya, na hata kulekule Marekani raia wa kawaida akibonyeza kitufe kwenye chaneli hizi anajitafutia kesi. Unachochukua hapa ni utaratibu.

Sasa, kwa nini watu walihangaika? Washington, tarehe 13 Januari 1982, theluji inaanguka. Ndege ya Air Florida inaruka, inashindwa kupanda, inagonga magari kwenye daraja la 14th Street na kutumbukia Mto Potomac. Wakafa watu 78, wanne kati yao walikuwa kwenye magari yao darajani. Haijapita saa moja, treni ya chini ya ardhi ya jiji hilohilo ikaacha reli na kuua watatu. Waokoaji walikuja kutoka mjini, kutoka Virginia ng'ambo ya mto, na kutoka serikali kuu, na hawakuwa na chaneli moja ya kuzungumzia. Miaka 19 baadaye, New York, Septemba 11, marubani wa helikopta za polisi waliona hali ya jengo la mnara wa kaskazini wa World Trade Center ikiharibika na wakatoa onyo. Onyo likapita kwenye masafa ya polisi. Zimamoto waliokuwa ndani ya mnara redio zao hazikuwa kwenye masafa hayo. Siku hiyo zimamoto 343 walipoteza maisha. Sababu zilikuwa nyingi, sitaki kudanganya kwamba redio peke yake ingewaokoa wote, lakini hilo la redio liliandikwa kwenye ripoti za uchunguzi.

Haya, twende kazini.

Hatua ya kwanza: jua mlicho nacho. Chukua karatasi, orodhesha redio za kwenu, kisha mwombe jirani aorodheshe zake. Wamarekani wana fomu ya kazi hii, inaitwa ICS 217A. Usianze na jina la kampuni iliyotengeneza redio, hilo halina maana sana. Andika inashika bendi gani, yaani kundi gani la masafa: VHF, UHF, 700 au 800 (megahezi). Andika ni analogi au ni dijitali ya P25, yaani mfumo wa dijitali wa redio za vikosi vya usalama Marekani. Andika kama inategemea mtandao wa minara au inaweza kuongea na redio nyingine moja kwa moja bila mnara. Ukimaliza, weka karatasi mbili pamoja. Mkikuta bendi moja inayofanana, nusu ya kazi imeisha, na hamjatoa hata senti. Nimeona watu wakikimbilia kununua mitambo mipya wakati redio walizonazo kiunoni zina uwezo wote, ila hakuna aliyezipanga.

Hatua ya pili: kubalianeni kwa maandishi. Hapa nitapita haraka. Nani anaruhusiwa kutumia chaneli ya nani, lini, kwa kibali cha nani. Wakuu wasaini. Kama mnataka kuweka mnara au kituo cha kudumu kwenye chaneli ya pamoja, kule Marekani leseni ya FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, ni lazima. Basi.

Hatua ya tatu, na hapa naomba usiharakishe video: majina ya chaneli.

Tazama ramani hapa kwenye skrini. Huu ni mpaka wa jimbo la Illinois na Indiana, kusini kidogo ya Chicago. Kushoto ni mji wa Calumet City, kulia ni Hammond. Kati yao kuna barabara inaitwa State Line. Barabara yenyewe ndiyo mpaka, nyumba za upande huu ziko jimbo moja, za ng'ambo ya lami ziko jimbo lingine.

Sasa angalia masafa haya: megahezi 155.475. Ni masafa ya dharura ya polisi kwa nchi nzima. Illinois waliyaita ISPERN. Indiana waliyaita ILEEN. Ukienda Minnesota ni MINSEF. Masafa ni yaleyale! Askari wawili wanasimama hatua kumi kutoka kwa mwenzake, wote wana chaneli hiyo ndani ya redio, mmoja anasema "njoo ISPERN", mwenzake anazungusha swichi mwanzo mpaka mwisho, haioni. Redio nzima, betri imejaa, na hawasikilizani.

Dawa yake ilikuwa kupanga majina ya nchi nzima. 155.475 sasa ni VLAW31. Ukishaelewa mpangilio unayasoma mwenyewe. Herufi au tarakimu ya mbele inakupa bendi: V ni VHF, U ni UHF, 7 na 8 ni bendi za 700 na 800. Neno la katikati linakupa kazi: CALL ni ya kuitana, TAC ni ya kufanyia kazi, LAW ya polisi, FIRE ya zimamoto, MED ya huduma za afya. Mwisho namba. Kwa hiyo VCALL10 ni chaneli ya kuitana ya VHF, 155.7525. UCALL40 ni ya UHF, 453.2125. 8CALL90 ni ya bendi ya 800, unasikiliza 851.0125. Na ukiona herufi D mkiani, kama 8TAC92D, maana yake redio kwa redio bila kupitia ripita, ule mtambo wa mnarani unaopokea sauti na kuirusha tena. Hiyo D usiidharau. Mnara ukianguka au ukiwa mbali, D ndiyo itakayokubeba.

Hatua ya nne: kuingiza chaneli kwenye redio. Hii ni kazi ya fundi mwenye kebo na programu ya redio husika, usimwachie askari wa zamu. Fungua VLAW31. Upana wa chaneli weka kilohezi 12.5, kwa sababu tangu tarehe 1 Januari 2013 VHF na UHF za kazi hizi Marekani zilihamishwa kutoka upana wa 25. Ukiacha 25, sauti yako itamfikia mwenzako imekwaruza na utasumbua chaneli ya pembeni.

Halafu toni, yaani mlio mdogo usiosikika unaotumwa pamoja na sauti ili kufungua spika ya anayepokea. Upande wa kutuma weka hezi 156.7. Upande wa kupokea acha wazi, usiweke toni yoyote. Mafundi wengi wanaweka toni pande zote mbili kwa mazoea, wakitaka redio ikae kimya. Kwenye chaneli ya dharura hiyo ni hatari: akitokea jirani ambaye redio yake haikuwekewa toni, atakuita mpaka koo limkauke na wewe husikii chochote, taa tu inawaka. Afadhali usikie makelele kidogo kuliko kumkosa anayekuita.

Kwa P25 hakuna toni ya namna hiyo, kuna msimbo, na ule wa chaneli za pamoja ni 293. Na zile njia za siri, zile za kufunga mazungumzo yasisikilizwe na wengine, zizime kwenye chaneli za kuitana. Jirani hana ufunguo wako, ukifunga umemfungia nje.

La mwisho kwenye hatua hii: chaneli zikae mahali pamoja kwenye redio zote. Mkikubaliana ni ukanda (kundi la chaneli ndani ya redio) wa mwisho, swichi nafasi ya kwanza, iwe hivyo kwa kila redio ya kikosi. Usiku, mvua inanyesha, umevaa glavu, hakuna anayesoma maandishi ya skrini. Mkono unatafuta kwa kuhesabu mibofyo ya swichi.

Hatua ya tano: bendi zikikataa kufanana. Huyu ana VHF, yule ana 800, hapo hata mpige magoti redio hazitaongea. Una njia tatu. Ya kwanza ni ya kizamani na bado naipenda kuliko zote: kuazimana redio. Mpe kamanda wa jirani redio yako moja yenye betri iliyojaa, andika namba yake na jina la aliyeichukua. Ya pili ni pachi, yaani mtu wa chumba cha mawasiliano anaunganisha chaneli mbili kwenye mashine yake, anayeongea huku asikike kule. Ya tatu ni kisanduku cha kuunganishia kinachobebwa kwenye gari, unachomeka redio ya kila kikosi kwa waya na kinapitisha sauti kutoka moja hadi nyingine.

Pachi ina tabia zake. Inachelewa. Bonyeza kitufe, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo uanze kusema, la sivyo neno la kwanza litakatwa. Fikiria umesema "Usiingie" na kilichofika ni "ingie". Pili, pachi iwe moja na mwenye pachi awe mmoja. Chumba cha Illinois kikiunganisha chaneli mbili, na cha Indiana bila kujua kikaunganisha hizohizo, sauti inazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake na chaneli zote mbili zinazibwa. Tatu, usiunganishe chaneli kuu ya doria. Utamwaga mazungumzo ya ajali moja kwenye masikio ya kaunti nzima. Unganisha zile za TAC.

Hatua ya sita: namna ya kusema. Acheni zile namba za kumi, yaani misimbo inayoanza na kumi inayotumika badala ya maneno. Chukua 10-13. Kwa polisi wa New York ni askari anayeomba msaada, watu wanaacha chakula mezani na kukimbia. Kwenye orodha ya zamani ya APCO, chama cha watu wa mawasiliano ya vikosi vya usalama, namba hiyohiyo ni habari za hali ya hewa na barabara. Ndiyo maana utaratibu wa serikali kuu, NIMS, unadai lugha ya kawaida kila vikosi tofauti vinapokutana. Kwenu nyumbani zungumzeni mnavyotaka, lakini jirani akiingia, namba zikae pembeni.

Na taja kikosi chako, usitaje namba ya gari peke yake. "Gari namba tano" lipo kila mji. Sikiliza mfano huu wa kutunga, lori la kemikali limepinduka pale State Line. Wao wangesema Kiingereza, mimi nakupa kwa Kiswahili:

"Zimamoto Hammond, Zimamoto Hammond, hapa Polisi Calumet City, nipo 8CALL90."

"Polisi Calumet City, Zimamoto Hammond nakupata. Sema."

"Lori la kemikali limepinduka State Line. Upepo unakuja upande wenu. Msiingie kutokea mashariki. Naomba chaneli ya kazi."

"Nimepokea, hatuingii kutokea mashariki. Hamia 8TAC92D."

"8TAC92D, nahamia."

Umeona? Unaanza na unayemwita, kisha wewe, kisha jina la chaneli uliyopo, maana mwenzako huenda redio yake inazunguka chaneli kumi na hajui sauti imetokea ipi. Jambo la hatari limerudiwa na aliyepokea. Chaneli ya CALL ikaachiwa mapema, haikugeuzwa kijiwe.

Lakini mfano huu umefanikiwa kwa sababu kuna mtu Hammond alikuwa anasikiliza 8CALL90, na ndiyo hatua ya saba. Chaneli nzuri kwenye redio mia mbili, na hakuna aliyepewa jukumu la kuisikiliza, ni sawa na kutokuwepo. Mtaje mtu kwa zamu. Chumba cha mawasiliano kiiwashe kwenye spika, sauti isipunguzwe, na kila wiki jirani aite, ajibiwe, iandikwe kwenye kitabu saa ngapi na nani alijibu. Kusipojibiwa mara mbili mfululizo, piga simu kwa mkuu wao siku hiyohiyo. Usisubiri kikao.

Hatua ya nane ni siku yenyewe. Tukio likishavuka kikosi kimoja, mtu mmoja anaandika mpango wa chaneli kwenye fomu ICS 205: kamanda chaneli hii, zimamoto hii, magari ya wagonjwa hii. Wamarekani wana ofisa kabisa wa kazi hii, kiongozi wa kitengo cha mawasiliano. Nakala moja ibandikwe kwenye dirisha la gari la kamanda, nyingine wapewe wanaowasili, kabla hawajaingia eneo la tukio. Anayewasili akikosa chaneli aliyoandikiwa kwenye redio yake, hapohapo anaazimwa nyingine, au anafuatana na mwenye nayo.

Mkimaliza, anayefunga pachi atangaze kwenye chaneli zote mbili kwamba anaifunga, asubiri kila kamanda ajibu, ndipo aifunge. Askari anayedhani bado ameunganishwa anaweza kuomba msaada na asisikiwe na mtu. Redio zilizoazimwa zirudi kwa namba zake, zichajiwe usiku uleule, na iliyorudi bila antena iandikwe kabla haijarudishwa kabatini.