Togwa Moja, Bia Mbili: Jinsi ya Kupika Bia Nyumbani na Marafiki

Karibuni, watazamaji. Leo tunapika bia ya nyumbani, lita nane tu, kisha tutaigawa katika mitungi miwili ili togwa moja, yaani maji matamu ya kimea ambayo bado hayajachachuka, itupe bia mbili. Zitatofautiana kwa jambo moja: mtungi mmoja utaongezewa hopsi mwishoni, yaani maua ya mmea unaoipa bia uchungu na harufu, mwingine utaachwa kama ulivyo. Nimeichagua njia hii kwa sababu ulimi hujifunza kwa kulinganisha. Mpe mtu glasi moja, atakwambia nzuri au mbaya basi. Mpe mbili za karibu kufanana, akiwa na wenzake mezani, mtazungumza jioni nzima.

Video hii ni ya watu wazima waliofikisha umri wa kunywa pombe kisheria. Angalia pia sheria ya unakoishi, maana kuna nchi zinazoruhusu kupika kwa matumizi ya nyumbani lakini kuuza ni mpaka leseni, na kuna zinazokataza kabisa.

Haya, vifaa hivi hapa mezani. Sufuria ya lita 20. Mfuko mkubwa wa kitambaa chepesi chenye matundu madogo, unaotosha kuvalishwa sufuria. Kipimajoto, mizani ya gramu, mpira wa kuhamishia bia, na mitungi miwili ya lita tano yenye vizibo vya hewa, vile vyenye kibomba cha maji kinachoachia gesi itoke huku hewa ya nje ikizuiwa. Na haidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha togwa ni nzito kiasi gani kuliko maji, yaani ina sukari kiasi gani. Wengi huiruka hii. Nakusihi usiiruke, na tukifika kwenye chupa utaona kwa nini.

Viungo ni kimea cheupe cha shayiri kilo 1.8, kimea cha karameli gramu 150, hopsi za Cascade gramu 60, na pakiti moja ya hamira ya bia, gramu 11. Kimea kiwe kimeparazwa: kila punje imepasuka, ganda limebaki. Kikisagwa kuwa unga utapata uji usiochujika. Cascade ilitolewa kwa wakulima mwaka 1972 kutoka Oregon, Marekani, na ile harufu yake ya balungi na maua ndiyo iliyovitambulisha viwanda vingi vidogo vya bia vya huko. Hamira ya mkate iache jikoni. Kilevi itakupa, lakini ladha yake si ya kutegemea na haitulii vizuri chini ya mtungi.

Tuanze. Tia maji lita 12 na nusu kwenye sufuria, pasha mpaka nyuzi 69 za Selsiasi, uzime moto. Valisha mfuko, mimina kimea kidogo kidogo huku unakoroga kuvunja madonge. Tazama kipimajoto sasa: joto limeshuka mpaka 66, na hapo ndipo tunapopataka. Funika, zungushia blanketi, acha saa nzima.

Ndani ya saa hii vimeng'enya vya kimea vinaikata wanga kuwa sukari. Kwenye nyuzi 63 hivi, sukari nyingi inayopatikana ni ile ambayo hamira huila yote, kwa hiyo bia hutoka kavu na nyepesi mdomoni. Kwenye 69 au 70 hubaki sukari nzito isiyolika, na bia huwa nene. 66 ni katikati. Ukipita 78 vimeng'enya vinakufa na kazi imeishia hapo.

Saa imetimia. Inua mfuko, uache uchuruzike, kisha ukamue bila woga. Onja togwa hii kabla haijachemka. Ni tamu kweli, yenye harufu ya nafaka. Machicha unaweza kuwapa kuku au kuyatia kwenye mboji. Yale ya hopsi yatakayobaki baadaye yaweke mbali na mbwa, kwa sababu hopsi ni sumu kwao.

Washa moto mkali na usiondoke jikoni. Togwa ikikaribia kuchemka hupandisha povu ghafla na kumwagika, na togwa ya moto huunguza vibaya. Povu likipanda, punguza moto, koroga. Likishatulia, tia hopsi gramu 15 na uhesabu dakika 60. Uchungu wa hopsi hauji ila kwa kuchemka muda mrefu, lakini muda huohuo unaifukuza harufu, ndiyo maana tunazitia kwa awamu: hizi 15 za mwanzo ni za uchungu, gramu 10 zikibaki dakika 15 ni za ladha, na gramu 15 baada ya kuzima moto ni za harufu. Sufuria iache wazi muda wote ili mvuke wenye harufu ya mahindi ya kuchemsha utoke. Ukifunika, harufu hiyo inarudi kwenye bia.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kuanzia moto unapozimwa, kila kitakachogusa togwa lazima kiwe kimeoshwa na kutakaswa: mitungi, vizibo, mpira, mkasi wa kufungulia hamira, kijiko, mikono yako. Osha kwanza mpaka uchafu wote utoke, kisha tumia dawa ya kutakasia vyombo vya bia isiyohitaji kusuuzwa. Klorini ya kufulia siipendi kwa kazi hii, kwani mabaki yake yakikutana na bia huleta ladha ya dawa za hospitali, na ladha hiyo haiondoki. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alishaonyesha katika karne ya 19 kwamba bia huharibiwa na vijidudu vinavyoingia mahali pa hamira. Ukiwa na marafiki jikoni, mpe mmoja kazi hii peke yake. Asishike kitu kingine.

Tumbukiza sufuria kwenye beseni la maji na barafu mpaka togwa ifike nyuzi 20. Chota kidogo, pima kwa haidromita, andika namba. Yetu imesoma 1.050. Gawanya lita nne kila mtungi, ukiimwaga kutoka juu ili ichanganyike na hewa. Hamira inaihitaji hewa mwanzoni, na huu ndio wakati pekee tunaoitaka. Mwagia robo ya pakiti ya hamira kila mtungi, inatosha. Funga, tia maji kwenye kibomba.

Weka mitungi mahali penye giza na nyuzi 18 hadi 20. Kumbuka hamira ikifanya kazi hutoa joto, kwa hiyo ndani ya mtungi huwa kuna joto kuliko chumbani. Chumba chako kikiwa cha joto, isimamishe kwenye beseni la maji, uivalishe fulana iliyolowa na uwashe feni. Bia iliyochachuka kwenye joto kali hunuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha.

Siku ya kumi, povu likishaanguka, fungua mtungi mmoja tu utie hopsi gramu 20 kavu, ufunge haraka. Andika alama kwenye mtungi huo. Zikae siku tatu au nne.

Baada ya wiki mbili, pima tena. Namba ikiwa ileile kwa siku tatu mfululizo, hamira imemaliza. Yetu imesimama kwenye 1.011. Toa ya mwisho kutoka ya mwanzo, zidisha kwa 131: unapata kilevi cha asilimia 5 na kidogo. Ukitia bia kwenye chupa kabla haijamaliza, gesi itaendelea kujijenga ndani na chupa inaweza kulipuka, vioo vikaruka chumbani. Haidromita inakuepusha na hilo, kibomba kilichoacha kutoa mapovu hakikuepushi.

Tumia chupa za bia zilizotengenezwa kuhimili gesi, za rangi ya kahawia, kwa kuwa mwanga huipa bia yenye hopsi harufu mbaya. Sukari ni gramu 6 kwa kila lita. Ichemshe na maji kidogo, iache ipoe, itie kwenye chombo safi, kisha uvute bia juu yake taratibu bila kuitikisa. Mashapo yabaki mtungini. Jaza, acha sentimita tatu za nafasi, ziba. Wiki mbili kwenye joto la chumba, halafu jokofuni siku tatu.

Sasa waite marafiki. Kila mmoja mpangie glasi tatu zisizo na alama: mbili za bia moja, ya tatu ya bia nyingine. Aitafute iliyo tofauti, kimya, bila kumtazama mwenzake. Wapika bia wa viwandani wanaitumia njia hii. Kwa kubahatisha tu, mtu mmoja kati ya watatu atapatia, kwa hiyo mkiwa sita na watano wakapatia, tofauti ipo kweli. Hapo ndipo mzungumze. Mkisikia siagi au tofaa bichi, mara nyingi bia iliondolewa kwenye hamira mapema. Mkisikia siki, rudini kwenye usafi.

Bakizeni chupa mbili mwende nazo kiwanda kidogo cha bia kilicho karibu nanyi, siku ambayo hakina watu wengi. Agizeni kwanza, ni heshima kwa mwenyeji. Ombeni glasi ndogo ndogo, mkianza na bia nyepesi na kumalizia na zenye uchungu na kilevi kingi, maji ya kunywa yakiwa mezani na asiyekunywa akiwa ndiye atakayeendesha gari. Ulizeni tarehe ya kila bia yenye hopsi nyingi, kwa sababu harufu yake hufifia ndani ya miezi michache. Kisha mwombeni mpishi aonje yenu na awaambie ukweli.

Mkielewana naye, muulizeni kama ana hamira ya ziada. Wengi huimwaga kila wanapomaliza kupika na hugawa kwa moyo mweupe. Nendeni na chombo kilichotakaswa, msikikaze kifuniko kwa sababu bado inatoa gesi, muiweke jokofuni mkifika nyumbani, na mpike nayo ndani ya wiki moja.