Usisubiri Hamu: Kuanza Kazi Ukiwa na Sonona

(Mhadhara kwa vikundi vya wakulima na wajasiriamali, Uyole, Mbeya)

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu habari za asubuhi. Jambo langu mnalijua, nalisema kila ninapoitwa, na nitaendelea kulisema kwa sababu bado wanaletwa vijana ambao nyumbani wameambiwa "jikaze" miezi na miezi.

Mtu mwenye sonona, ule ugonjwa wa moyo kuzama na hamu kupotea, asisubiri hamu ndipo aanze. Atasubiri mpaka msimu upite. Mtu mwenye afya hamu inamjia, anashika jembe. Kwenye sonona ubongo umeacha kutarajia raha, kwa hiyo hauoni sababu ya kumwinua mtu kitandani. Akibaki kitandani anakosa jua, anakosa salamu za jirani, anakosa kuona mboga zake zikichipua. Vile vitu vidogo vilivyokuwa vinamtia nguvu vinakatika kimoja kimoja, naye anazidi kujifungia ndani. Peter Lewinsohn, mwanasaikolojia wa Marekani, alilieleza duara hili miaka ya 1970. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake wakatoa utafiti: wagonjwa waliosaidiwa kurudi kwenye shughuli tu walipata nafuu sawa na waliopewa tiba nzima ya kubadili fikra. Kwa hiyo mkono unatangulia, hamu inakuja nyuma, tena kwa kuchelewa.

Kuna mzee hapa anasema moyoni, huo ni uvivu tu. Hapana, mzee wangu. Mvivu anakwepa palizi, lakini ukimwita kwenye mpira anakwenda, nyama choma anaila kwa raha. Mwenye sonona hata mpira alioupenda haumgusi, chakula hakina ladha, usingizi unakatika saa 10 alfajiri au analala mchana kutwa, na hali hiyo ipo karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi. Wala msiniambie "mbona jana alicheka na wageni". Anaweza kucheka nusu saa mbele za watu, kisha akawa hoi siku nzima.

Sasa kuanza kwenyewe. Hapa ndipo watu wanaharibu, naomba mnisikilize. Chukua mtu ambaye hajaoga siku kadhaa, viazi vimemezwa na magugu, nguo zimejaa beseni. Ndugu wanampangia: kesho amka saa 12, oga, fua, halafu twende shambani. Kesho inafika, anashindwa lile la kwanza, na siku nzima inakuwa ushahidi kwamba hafai kitu. Kosa ni ukubwa wa hatua. Ikate mpaka iwezekane hata siku iliyo mbaya kuliko zote. Usimwambie afue, aloweke shati moja. Usimwambie apalilie, avae mabuti, atembee mpaka ukingoni mwa shamba, arudi. Siku kadhaa baadaye ashike jembe dakika 5 kwenye tuta moja, kengele ya simu ikilia aache. Nasema aache, hata akijisikia kuendelea! Wengi wakipata siku nzuri wanataka kumaliza kazi za wiki nzima, jioni wamechoka kupita kiasi, siku 3 zinazofuata hawainuki, halafu wanasema njia hii haifai. Ongeza dakika chache tu, na uongeze pale ambapo zile za mwanzo zimekuwa nyepesi siku kadhaa mfululizo.

Kuamka nako kukatwe hivyo hivyo, hasa Juni na Julai baridi yetu inapokuwa imeshika. Jioni weka sweta na soksi kando ya mto wa kulalia, chai iwe kwenye chupa. Asubuhi, saa ileile kila siku, hata kama usiku hukulala vizuri: miguu chini. Kaa. Vaa sweta. Fungua mlango. Kunywa chai nje, na jua likitoka likukute hapo. Basi, umefanya la asubuhi. Simu ilale chumba kingine, maana ikiwa chini ya mto ndiyo itakayokurudisha kwenye blanketi.

Daftari la shule linatosha kwa kazi hii. Kabla ya kuanza, andika ugumu unaoutarajia, 0 mpaka 10. Ukimaliza, andika ulivyokuwa kweli. Sonona inatabiri vibaya: unaandika 9 kabla ya kuosha vyombo, ukimaliza unaona ilikuwa 6. Usipoandika, kesho kichwa kitakuambia haikusaidia chochote, nawe utakubali. Na msipange kazi tupu. Kwa siku weka kimoja cha wajibu, kimoja ulichokuwa unakipenda hata kama leo hukisikii, na kimoja chenye mtu mwingine, japo ni kumsalimu mama ntilie.

Ndugu wa nyumbani, acheni "nenda kachote maji". Semeni "twende bombani, wewe beba hicho kidogo". Msimfanyie kila kitu pia. Mkimpokonya kazi zote mnamwacha na kitanda peke yake.

Naona mwenyekiti anaangalia saa, niharakishe. Ulanzi na kimpumu, pombe zetu za kienyeji: vinachangamsha jioni, vinaharibu usingizi, kesho yake mtu yuko chini zaidi. Hospitali wapime damu na tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na tezi iliyolegea vinaleta uchovu unaofanana na sonona, na nyanda zetu hizi zina historia ndefu ya upungufu wa madini joto, ambayo tezi hiyo inayahitaji. Dawa, kama amitriptilini au fluoksetini, mara nyingi huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu. Mtu anameza siku 5, anaona mdomo umekauka tu, anaacha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka aendelee miezi 9 hadi 12 baada ya kupata nafuu, na asiache bila daktari. Maombi yaendelee, na dawa imezwe.

La mwisho siliachi hata mkinizimia kipaza sauti. Mgonjwa muulizeni waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kwenda chooni gizani, na apelekwe hospitali hata kama ni usiku wa manane. Sisi ni wakulima wa viazi na nyanya, ndani mwetu mna sumu za wadudu chini ya vitanda. Leo hii zitoke, pamoja na sumu ya panya, zifungiwe kufuli kwa jirani, ufunguo abaki nao jirani. Dawa zake za hospitali atunziwe na mtu mwingine, apewe za siku chache tu kila mara.